Jedwali la Elementi, na Ndugu Watatu Walio katika Maji na Chumvi Yetu



Watoto wetu wasomao kemia hurudi nyumbani na karatasi yenye vyumba vingi vidogo, na katika kila chumba mna herufi moja au mbili pamoja na namba. Karatasi hiyo huitwa jedwali la elementi. Wazazi wengi huitazama kidogo, kisha husema, "Hayo ni mambo ya shule, sisi hayatuhusu." Lakini sivyo. Jedwali hilo lina habari za maji tuchotayo visimani, na chumvi tutiayo chunguni, na magadi tupikiayo mlenda. Lina habari hata za meno ya watoto wetu na shingo za mama zetu. Kwa hiyo yafaa kila mwalimu na kila mzazi aujue walau mpango wake, ijapokuwa hakupata kwenda shule ya juu.

Katika somo hili tutafuata njia hii. Kwanza, elementi ni nini. Pili, jinsi zilivyopangwa. Tatu, ni nani aliyeuona mpango huo, na jinsi ulivyothibitishwa. Nne, tutautazama ukoo mmoja tu wa elementi, tuone kazi yake katika nyumba zetu hapa Ihumwa na katika nchi yote ya Dodoma. Mwisho, yatupasayo kutenda.

1. Elementi ni nini?

Ukichukua kipande cha chuma ukakikata, kila kipande ni chuma. Ukikisaga kwa tupa, unga wake ni chuma. Hakuna moto wala dawa iwezayo kukigawanya kikatoa vitu viwili vilivyo mbali na chuma. Kitu cha namna hiyo huitwa elementi. Shaba ni elementi, na fedha, na dhahabu, na risasi, na bati, na zebaki. Kaboni, iliyo katika makaa, ni elementi. Hewa tuvutayo ina elementi mbili zilizo nyingi kuliko nyingine, nazo ni naitrojeni na oksijeni.

Bali maji si elementi. Ukipitisha nguvu ya umeme katika maji, yatagawanyika yawe hewa mbili, hidrojeni na oksijeni. Chumvi nayo si elementi. Ndani yake mna madini iitwayo sodiamu, na hewa iitwayo klorini. Na hapa pana ajabu. Sodiamu ikiwa peke yake ni madini laini, hukatwa kwa kisu, tena ikitiwa majini huwaka na kupasuka. Klorini ikiwa peke yake ni hewa ya rangi ya kijani na manjano, nayo ni sumu. Jeshi la Wajerumani liliitumia vitani huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, na askari wengi wakafa kwa kuivuta. Lakini hizo mbili zikiungana zawa chumvi, ambayo pasipo hiyo mtu hawezi kuishi. Kumbe elementi ikiungana na nyingine huacha tabia yake ya kwanza, ikapata tabia mpya. Tulishike neno hili, maana tutalihitaji mbele.

Elementi zijulikanazo leo ni 118. Nyingi zapatikana katika ardhi, maji na hewa. Nyingine, hasa zile nzito za mwisho, zimetengenezwa na wataalamu kwa mitambo, nazo hukaa kitambo kidogo sana kabla ya kuvunjika. Vitu vyote tuvionavyo, mawe ya vilima vya Dodoma, na mbuyu, na ng'ombe, na mtu, vimefanywa kwa elementi hizo zilizoungana kwa namna nyingi.

2. Jinsi zilivyopangwa

Tazameni kalenda iliyotundikwa ukutani. Siku za mwezi zimeandikwa kwa kufuata hesabu, 1, 2, 3, na kuendelea. Lakini hazikuandikwa katika mstari mmoja mrefu. Baada ya siku saba mstari hukatwa, ukaanza mwingine chini yake. Kwa nini? Kwa sababu majina ya siku hurudi. Hivyo Jumapili zote zakaa katika safu moja kutoka juu hata chini, na siku za gulio zote katika safu yake. Jumapili ya tarehe 1 siyo Jumapili ya tarehe 8. Kila moja ina namba yake. Hata hivyo zina desturi moja.

Jedwali la elementi limepangwa vivyo hivyo. Kila elementi ina namba yake, kuanzia hidrojeni iliyo namba 1 hata ile ya 118. Ukizihesabu kwa utaratibu, waona tabia zao zarudi kila baada ya muda. Elementi namba 3, lithiamu, ni madini laini na nyepesi ishindanayo na maji. Ukihesabu nane mbele wafika namba 11, ndiyo sodiamu, nayo ina tabia ile ile. Ukihesabu nane tena wafika namba 19, potasiamu, iliyo nyingi katika majivu ya kuni. Nayo ni laini, nayo hushindana na maji. Basi hizo tatu huwekwa katika safu moja, mmoja chini ya mwenzake, kama Jumapili katika kalenda.

Lakini jedwali hili lapita kalenda kwa jambo moja. Juma la kalenda lina siku saba sikuzote. Bali mistari ya jedwali hurefuka kadiri tushukavyo. Mstari wa kwanza una elementi 2, wa pili 8, wa tatu 8, wa nne 18, wa tano 18, wa sita 32, na wa saba 32. Jumlisheni, mtapata 118. Safu za kutoka juu hata chini ni 18, na kila safu ni kama ukoo.

Sababu ya tabia kurudi ni hii. Kila elementi imefanywa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi. Katikati ya atomi mna kiini, na katika kiini mna chembe ziitwazo protoni. Hesabu ya protoni ndiyo namba ya elementi katika jedwali. Nje ya kiini mna elektroni, nazo zimekaa kwa matabaka. Lile tabaka la nje ndilo likutanalo na elementi nyingine, kwa hiyo ndilo lionyeshalo tabia. Sodiamu ina elektroni 11: mbili katika tabaka la kwanza, nane katika la pili, na moja tu nje. Klorini ina 17: mbili, kisha nane, kisha saba nje. Tabaka la nje likiwa na nane hutulia. Basi sodiamu ina moja la kutoa, na klorini yapungukiwa na moja. Zikikutana, mmoja hutoa na mwingine hupokea, na zote mbili zatulia, ndiyo chumvi. Wote wa ukoo wa sodiamu wana elektroni moja nje, na wote wa ukoo wa klorini wana saba. Huo ndio undugu wao.

3. Mwalimu aliyeacha nafasi wazi

Mpango huu ulifunuliwa hasa na Dmitri Mendeleev, mtu wa Urusi, aliyezaliwa Tobolsk katika nchi ya Siberia mwaka 1834. Alikuwa mwalimu katika chuo kikuu cha St. Petersburg, naye alikuwa akiandika kitabu cha kuwafundisha wanafunzi wake kemia. Ilimpasa apate utaratibu wa kuzieleza elementi zote, ili wanafunzi wasikariri habari zisizoungana. Wakati ule zilijulikana elementi 63, wala hakuna aliyejua habari za protoni. Mendeleev alizipanga kwa uzito wa atomi zao, kutoka nyepesi hata nzito, akatazama tabia zilizorudi. Mwaka 1869 akatoa jedwali lake la kwanza.

Wengine kabla yake walikuwa wamejaribu, nao waliona sehemu ya mpango huo. Mendeleev aliwapita kwa ujasiri wa namna hii: mahali ambapo elementi iliyofuata haikupatana na ukoo wa safu ile, hakuilazimisha. Aliacha chumba kitupu, akasema, "Hapa pana elementi isiyojulikana bado," akaandika na tabia zake, kwa kutazama majirani wa juu na wa chini.

Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran alipata elementi mpya, akaiita galiamu. Mendeleev alipoisoma habari yake aliona ni ile aliyoiwekea chumba chini ya aluminiamu. Lakini uzito wa kipande chake ukilinganishwa na maji ulitajwa kuwa mara 4.7, naye alikuwa ametabiri kama mara 5.9. Akamwandikia Mfaransa yule kwamba huenda galiamu yake haijasafishwa vema. Ikasafishwa, ikapimwa tena, ikaonekana kuwa mara 5.9. Basi yeye asiyeishika kwa mkono aliijua kuliko aliyeishika, kwa kuwa aliujua ukoo wake. Mwaka 1879 ikapatikana skandiamu, na mwaka 1886 jerimaniamu, nazo zikaingia katika vyumba vilivyokuwa vikizingojea.

4. Namba iliyo ya kweli

Hata hivyo palikuwa na tatizo moja, nalo linahusu elementi tutakayoitaja sana hapo chini. Uzito wa teluri ni 127.6, na uzito wa iodini ni 126.9. Kwa kufuata uzito, iodini ilipaswa kutangulia. Lakini tabia ya iodini ni ya ukoo wa klorini. Mendeleev akaufuata undugu, akaiweka teluri kwanza na iodini baada yake. Yeye alidhani uzito wa teluri ulipimwa vibaya. Sivyo, uzito ulipimwa sawa, ila kanuni ya kupanga kwa uzito ndiyo iliyokuwa na upungufu.

Neno hili lilielezwa na Mwingereza kijana, Henry Moseley, katika miaka ya 1913 na 1914. Alipima mionzi itokayo katika elementi nyingi, akaona kwamba kila elementi ina namba yake ya kweli, isiyo uzito, bali ni kadiri ya nguvu ya umeme iliyo katika kiini chake. Leo twajua ya kuwa namba hiyo ni hesabu ya protoni. Teluri ni 52, na iodini ni 53. Basi Mendeleev aliziweka mahali pake. Moseley alikwenda vitani, akauawa Gallipoli tarehe 10 Agosti 1915, akiwa na umri wa miaka 27.

5. Ukoo wa wazalisha chumvi

Sasa tuingie katika safu ya 17, iliyo karibu na ukingo wa kuume wa jedwali. Juu yupo florini, namba 9. Chini yake klorini, namba 17. Kisha bromini, namba 35. Kisha iodini, namba 53. Chini yao wako wengine wawili ambao hawaonekani katika maisha yetu. Ukoo huu huitwa halojeni, neno la asili ya Kiyunani, maana yake wazalisha chumvi, kwa sababu kila mmoja wao akikutana na madini kama sodiamu huzaa chumvi ya namna yake.

Ukishuka katika safu waona mabadiliko yenye utaratibu. Florini ni hewa ya manjano hafifu, kali kuliko elementi zote kwa kushambulia nyingine. Watu kadha wa kadha waliumia na wengine kufa katika kujaribu kuitenga, hata Mfaransa Henri Moissan alipofaulu mwaka 1886. Klorini ni hewa pia, nayo ni kali, lakini kidogo kuliko florini. Bromini ni kioevu chenye rangi nyekundu ya giza. Iodini ni kitu kigumu cheusi ching'aacho, nacho kikipata joto hutoa moshi wa zambarau. Basi kadiri tushukavyo, uzito huzidi na ukali hupungua. Lakini undugu haupotei. Klorini hutiwa katika maji ya bomba ili kuua vijidudu. Iodini hupakwa katika vidonda kwa kazi iyo hiyo.

Ndugu watatu wa ukoo huu, klorini, florini na iodini, wamo katika nyumba zetu, na kila mmoja ana jambo lake.

Klorini. Huyu twamla kila siku katika chumvi. Tangu zamani Wagogo walikwangua udongo wa chumvi katika mbuga za Bahi, wakauchuja kwa maji na kuyachemsha. Na Uvinza, mkoani Kigoma, chemchemi zake za chumvi zilijulikana mbali kabla ya misafara ya Waarabu na Wazungu. Chumvi ya mbugani, ya chemchemi, na ile ya baharini itokayo Bagamoyo au Lindi, kiini chake ni kimoja, sodiamu pamoja na klorini. Lakini isidhaniwe ya kuwa kwa sababu hiyo zote zinafaa sawasawa. Tutaona sababu katika habari za iodini.

Florini. Huyu hatumwoni, maana amefichwa katika mawe akiwa ameungana na elementi nyingine. Akiwa hivyo huitwa floraidi. Yumo katika mawe ya itale, kama hayo yaonekanayo katika vilima vya Dodoma, na katika majivu ya volkano ya Bonde la Ufa. Maji ya mvua yanapozama na kukaa chini ya ardhi muda mrefu, humyeyusha kidogo kidogo. Ikiwa maji yana kalsiamu nyingi, yaani ile iliyo katika chokaa, kalsiamu humshika florini wakawa jiwe, akabaki chini. Lakini ikiwa maji ni ya magadi, yenye sodiamu nyingi, kalsiamu huondolewa kwa kuwa chokaa, na florini hukosa wa kumshika. Hivyo huja juu pamoja na maji. Ndiyo maana nchi za magadi mara nyingi ndizo nchi za floraidi nyingi. Katika Tanzania sehemu za Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga zajulikana kwa jambo hili.

Floraidi kidogo huyaimarisha meno. Ikizidi, huyaharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Mtoto akinywa maji yaliyopita mpaka huo katika miaka ambayo meno yake ya pili yanaumbika ndani ya ufizi, yaani tangu kuzaliwa hata umri wa miaka kama minane, meno hayo hutoka yana mabaka meupe au ya kahawia, na pengine yenye vishimo. Madoa hayo hayatoki kwa mswaki wala kwa mkaa. Na maji yenye floraidi nyingi sana yakinywewa miaka mingi, mifupa nayo huumia. Mgongo hukakamaa, na miguu ya watoto huweza kupinda.

Sikieni tena neno jingine. Magadi ya kupikia, yaliyokwanguliwa katika maziwa ya chumvi ya Bonde la Ufa, huweza kuwa na floraidi nyingi. Wachunguzi waliona hapa Tanzania vijiji ambavyo maji yake hayakuwa na floraidi ya kutisha, lakini meno ya watoto yalikuwa yameharibika vibaya. Chanzo chake kilikuwa magadi ya chakula. Kwetu Ugogo magadi hutiwa katika mlenda, na katika maharagwe na makande yapate kulainika upesi. Basi akina mama wayafikiri haya.

Iodini. Huyu ni kinyume cha florini. Shida yake kwetu siyo kuzidi, bali kupungua. Mwili wamhitaji kwa kadiri ndogo sana. Mtu mzima hupaswa kupata mikrogramu 150 kwa siku, na mama mwenye mimba kama 250. Ukijumlisha yote ayahitajiyo mtu katika miaka sabini, hayajazi kijiko kimoja cha chai. Lakini akimkosa, tezi ya shingoni, ambayo kazi yake ni kutengeneza dawa ya kuuendesha mwili, huvimba kwa kujitahidi, ndilo rovu. Tena hilo siyo baya kuliko yote. Mama mwenye mimba akimkosa iodini sana, mimba huweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na akili iliyodumaa, au akiwa bubu na kiziwi, na hakuna dawa ya kuirudisha akili hiyo baadaye.

Sababu ya upungufu ni kwamba mvua za miaka mingi zimemwosha iodini katika udongo, zikampeleka baharini. Kwa hiyo walio mbali na bahari, hasa katika nyanda za juu, hupungukiwa. Nyanda za Juu za Kusini zilijulikana kwa rovu zamani. Katika miaka ya 1990 serikali iliagiza kwamba chumvi ya kula itiwe iodini, ambayo watu wengi waiita madini joto. Tangu hapo hali imekuwa njema zaidi. Lakini chumvi ya mbugani, na ile ya mawe iuzwayo gulioni kwa kopo bila mfuko, mara nyingi haikutiwa kitu. Ni nyeupe, ni chumvi kweli, ni sodiamu na klorini. Ila ndugu wa tatu hayumo.

Hapa ndipo tuonapo fundisho la jedwali kwa ukamilifu. Safu yatuambia kwamba klorini na iodini ni wa ukoo mmoja. Ndiyo maana wote wawili huua vijidudu, na wote wawili huzaa chumvi. Lakini namba yatuambia kwamba mmoja ni 17 na mwingine ni 53. Tezi ya shingo haiwezi kumtumia klorini mahali pa iodini, hata ukila chumvi kikombe kizima. Anayetazama safu tu atasema, "Chumvi zote ni sawa," naye atakosea. Anayetazama namba tu ataona elementi 118 zisizo na undugu, wala hatajifunza kitu. Yatupasa kutazama yote mawili.

6. Yatupasayo kutenda

Kwanza, tuache kuwatafutia watu makosa. Mtoto mwenye meno ya kahawia siyo mchafu, wala hakurogwa. Alikunywa maji ya kisima chake. Msichana mwenye rovu hakulaaniwa. Alipungukiwa na elementi namba 53. Binti asinyimwe ndoa wala mtoto asichekwe darasani kwa ajili ya haya. Walimu wa watoto walikemee jambo hili waziwazi.

Pili, maji yapimwe. Visima viwili vilivyo jirani huweza kutofautiana, maana mawe ya chini hayalingani. Floraidi haina rangi, wala harufu, wala ladha ya kuitambua, kwa hiyo hakuna ajuaye kwa kuonja. Kijiji kichimbapo kisima kipya, wazee waombe maji yapelekwe katika maabara ya maji ya serikali kabla ya watu kuanza kuyatumia, na waulize hasa habari ya floraidi.

Tatu, tusidanganyike juu ya kuchemsha. Kuchemsha huua vijidudu, na ni desturi njema isiyofaa kuachwa. Lakini floraidi haifi, kwa kuwa haina uhai. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe hubaki na kuzidi katika maji yaliyosalia. Yafaa zaidi kukinga maji ya mvua kutoka bati safi, maana hayana floraidi ila kidogo sana, na kuyaweka kwanza kwa ajili ya watoto wadogo. Mvua yetu huja msimu mmoja tu, basi tangi lipimwe kwa hesabu ya vinywa vya watoto, siyo kwa hesabu ya kufua.

Nne, pana njia ya kuisafisha. Huko Ngurdoto, mkoani Arusha, kulijengwa kituo cha kuchunguza jambo hili, na wataalamu wake wametumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mfupa una kalsiamu, na kalsiamu humshika florini, kama tulivyosema. Jino la mtoto nalo lina kalsiamu ya namna ile ile. Ndiyo maana florini hulishika jino. Basi ni heri alishike fupa la ng'ombe katika ndoo kabla hajafika katika jino la mtoto. Lakini mifupa hiyo huchomwa kwa kipimo maalumu, na baada ya muda huchoka ikahitaji kubadilishwa. Mtu asijitengenezee pasipo mafunzo.

Tano, magadi yapunguzwe. Maharagwe na makande yalowekwe usiku kucha, nayo yataiva pasipo magadi. Katika mlenda yatiwe kidogo, na chakula cha watoto wadogo kitengwe kabla ya kuyatia.

Sita, inunuliwe chumvi iliyoandikwa mfukoni kwamba ina madini joto. Iwekwe katika chombo chenye mfuniko, mahali pakavu pasipopigwa na jua, na itiwe chunguni chakula kikaribiapo kuiva, kwa kuwa iodini hupotea kwa unyevu na kwa moto mwingi. Tena isizidishwe, chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Kidogo chenye madini joto chatosha.

Basi mtoto wako ajapo na ile karatasi yenye vyumba vingi, mwombe akuonyeshe safu ya 17. Mwambie aweke kidole juu ya namba 9, kisha 17, kisha 53. Halafu mfanye hesabu pamoja: maji yetu yatoka kisima gani, chumvi yetu ni ya mfuko upi, na magadi yetu yatoka wapi. Hapo atajua ya kuwa aliyoyasoma darasani yamo jikoni kwa mama yake, nawe utakuwa umemfundisha yeye, naye amekufundisha wewe.

Maswali ya kujipima na ya kufundishia

1. Kwa nini maji na chumvi si elementi, na chuma ni elementi?
2. Eleza kwa mfano wa kalenda jinsi jedwali lilivyopangwa. Ni jambo gani linalotofautisha mistari ya jedwali na majuma ya kalenda?
3. Mendeleev aliacha vyumba vitupu. Kwa nini jambo hilo lilithibitisha mpango wake kuliko kama angalivijaza vyote?
4. Kwa nini teluri yatangulia iodini, ijapokuwa ni nzito zaidi? Ni nani aliyeeleza sababu?
5. Mtu asema, "Mimi nala chumvi nyingi ya mbugani, siwezi kupata rovu." Utamjibuje?
6. Katika kijiji chenu, ni visima vingapi ambavyo maji yake yamepimwa floraidi? Ni nani atakayeulizia vile vilivyobaki, na lini?